Kaida ya kisanaa: kwa nini Wamisri wa kale walichora watu upandeupande

Aliyewahi kufungua kitabu cha historia cha shule ameiona ile picha ya Mmisri wa kale: kichwa kimegeukia upande, jicho ni zima kana kwamba anakutazama wewe, mabega yote mawili yameelekea mbele, halafu miguu imerudi tena upande. Jaribu kusimama hivyo uone shughuli yake. Wengi huhitimisha kwamba mafundi wa zama zile hawakujua kuchora.

Walijua sana. Kwenye kaburi la Nebamun, mwandishi na mhasibu wa nafaka aliyeishi mji wa Thebes yapata mwaka 1350 K.K., kulikuwa na mchoro wa karamu. Wageni waheshimiwa wote wameonyeshwa sura za upande, kama desturi ilivyotaka. Lakini chini yao wameketi wanawake wapiga muziki, na wawili kati yao wanatutazama uso kwa uso, nywele zimewaanguka mabegani. Kwa hiyo fundi aliweza kabisa kuchora uso wa mbele. Ila hakuwa na ruhusa ya kumchora hivyo mtu mwenye cheo. Mpiga muziki wa kukodiwa hakubanwa na sheria hiyo, maana hadhi yake haikuwa na uzito wa kulindwa.

Hiyo sheria ndiyo tunayoiita kaida ya kisanaa: makubaliano ya jamii kuhusu namna kitu kinavyopaswa kuonekana kikichorwa au kuchongwa. Ndiyo inayoamua nani awe mkubwa na nani mdogo, nani atazame wapi, rangi ipi imfae nani. Fundi hupokea kaida kutoka kwa waliomfundisha na wanaomlipa. Ndiyo maana picha ya kale hutueleza mengi kuhusu jamii hata pale ambapo jina la fundi limepotea.

Tukibaki Misri, swali la kwanza ni hili: picha ile ilikuwa na kazi gani? Haikuwa pambo. Iliwekwa kaburini ili imhudumie marehemu katika maisha ya pili. Mtu aliyechorwa bila mkono mmoja kwa sababu tu mkono umefichwa na kiwiliwili angeweza kuukosa mkono huo huko aendako. Basi kila kiungo kilionyeshwa kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi: pua na kidevu kwa upande, jicho na mabega kwa mbele, miguu kwa upande. Mchoro wa bustani kutoka kaburi lilelile la Nebamun unafuata mantiki hiyohiyo. Bwawa limechorwa kana kwamba unalitazama kutoka juu, samaki na bata wote wanaonekana, lakini miti inayolizunguka imechorwa kwa ubavu, ili matunda yahesabike. Kwa kamera, hiyo ni bustani isiyowezekana. Kwa marehemu anayetarajia kula matunda hayo milele, ni orodha kamili ya mali yake.

Vipimo navyo havikuachwa vijiamulie. Kwenye makaburi ambayo kazi haikumalizika bado kuna mistari myekundu ya miraba iliyopigwa ukutani kabla ya kuchora. Kwa karne nyingi mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka nyayo hadi mwanzo wa nywele. Fundi wa kusini na fundi wa kaskazini wangetoa umbo lenye uwiano uleule. Halafu ukubwa ulifuata cheo: mwenye kaburi ni mkubwa kuliko mkewe, na watumishi wanamfikia magotini.

Utaona haya mapema kabisa kwenye bamba la jiwe la mfalme Narmer, la yapata mwaka 3100 K.K., lenye urefu wa sentimita 64 hivi. Mfalme ameinua rungu, amemshika adui nywele, na anamzidi kila mtu kwa kimo. Nyuma yake yuko mtumishi mdogo aliyembebea viatu. Mkao huo wa mfalme kumpiga adui uliendelea kuchongwa kwenye kuta za mahekalu hadi enzi za Warumi, miaka 3000 baadaye, pale makaisari walipochongwa wakiwa wamevalishwa kama mafarao. Jamii iliyoamini kwamba kazi ya mfalme ni kuzuia dunia isivurugike haikuwa na sababu ya kutaka picha mpya kila kizazi.

Na picha zilipobadilika, ni kwa sababu imani ilibadilishwa kwanza. Akhenaten, aliyetawala katikati ya karne ya 14 K.K., aliwaweka kando miungu wengine na kumtukuza Aten, duara la jua. Ghafla mfalme anachorwa na shingo ndefu na tumbo lililoning'inia, anambusu binti yake, na miale ya jua juu yake inaishia kwa viganja vya mikono. Alipofariki, haikuchukua muda mrefu mafundi wakarudi kwenye njia ya zamani.

Kosa la msomaji wa leo ni kudhani kaida moja ina maana moja kila mahali. Kwa Mmisri, sura ya upande ilikuwa heshima. Nenda juu ya mto Nile hadi Ethiopia, kwenye michoro ya makanisa, ukute mambo yamegeuka. Huko watakatifu wanakutazama kwa macho mawili makubwa, na mashetani na maadui wa dini ndio wanaochorwa kwa upande, jicho moja tu. Atakayeingia kanisani na macho ya Misri atawasifu wabaya.

Pwani yetu ilikuwa na kaida zake. Misikiti ya zama za kati haina sura za watu wala wanyama, hivyo ustadi wa fundi ulihamia kwenye maandishi na nakshi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwenye matumbawe. Fundi alitumia matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi, akayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu kama jiwe. Kazi ya namna hiyo haisubiri: inamtaka mzamiaji, mchongaji na mtu anayejua hati ya Kiarabu wafanye kazi karibukaribu. Hapo tayari umeuona mji mzima wa pwani, na hujasoma hata neno moja la kile kilichoandikwa.

Makaburi ya nguzo, kama ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam na Mambrui karibu na Malindi, yanasema zaidi. Bakuli za kauri za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo hizo kwa chokaa. Bakuli iliyovuka Bahari ya Hindi ingeweza kubaki mezani. Hawa waliitoa kwenye matumizi kabisa na kuiweka mahali ambapo kila apitaye ataiona. Kwa wenyeji, utajiri na uhusiano wa ng'ambo vilikuwa sehemu ya heshima ya marehemu. Hata sarafu za masultani wa Kilwa ziliandikwa kwa vina: maneno ya upande mmoja yanakubaliana kwa sauti na ya upande wa pili. Watu wa pwani na vina, tangu lini wakaachana!

Kuna hatari ya kuisoma sanaa kwa dharau. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, Nigeria, akaona vichwa vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa. Badala ya kuwauliza Wayoruba kwa nini kichwa kina uzito mkubwa hivyo katika fikra zao, alidai ni masalia ya Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wagiriki. Alikuwa na kazi ya mikono ya Wayoruba mbele ya macho yake, akaihesabu kuwa ya watu wa hadithini.

Pia tusisahau nani alilipa. Kuta za makaburi ya Misri zinatuonyesha utamaduni kama wenye makaburi walivyotaka uonekane. Lakini mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya wafalme walikaa kijiji cha Deir el-Medina, na huko vimeokotwa vipande vya mawe ya chokaa walivyochorachora wakijifurahisha. Mzaha wa wakati huo ulikuwa wanyama waliopewa nafasi za watu: bibi panya ameketi kitini, na paka amesimama mbele yake akimpepea na kumhudumia chakula. Mchoro wenyewe unafuata kaida zilezile za kaburini, sura ya upande na mhudumu mbele ya bwana wake, ila safari hii anayehudumiwa ni panya.