Bahari Iko Mita Mia Mbili, na Bado Napima

"Fundi, bahari si hiyo hapo? Unapima nini tena?"

Safari hii aliyeniuliza ni bosi wa nyumba ya wageni huku Shangani, Mtwara, tumesimama mbele ya tangi lake la samaki na matumbawe, la lita 60. Maji yanang'aa kama glasi ya harusi. Konokono wote wamejifungia, na tumbawe laini limesinyaa kama soksi iliyosahaulika kwenye kamba. Nikamuuliza: maji yakipungua unaongeza nini? Akajibu kwa fahari: "Ya bahari, freshi kabisa. Kijana anachota ndoo kila asubuhi."

Jamani. Mtu wa Mtwara, aliyekulia karibu na mashamba ya chumvi! Kule wanaingiza maji ya bahari, jua linayakausha, chumvi inabaki, wanaingiza mengine. Ndicho alichokuwa akikifanya sebuleni kwake, ila kwa feni.

Kinachopotea hewani ni maji tu. Tangi kama lile likipoteza lita moja kwa siku na wewe ukajazia ya bahari, kila wiki unaongeza karibu robo kilo ya chumvi. Ulianza na 35 kwa elfu kama bahari, yaani gramu 35 za chumvi kwenye kila kilo ya maji. Wiki nne bila kubadilisha maji uko 51. Kwa macho huoni kitu, yanazidi kung'aa tu. La bosi lilisoma 44.

Kwa hiyo hela ya kwanza nunua refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, na usiniambie ni ghali kuliko samaki wako. Haidromita ya mshale, inayopima chumvi kwa mshale unaoelea, ni rahisi, lakini kapovu kamoja kakiganda kwenye mshale inakudanganya mchana kweupe. Refraktomita nayo haisemi kweli yenyewe. Wengi wanaisawazisha sifuri kwa maji ya chupa kisha wanaiamini kwenye 35, wakati kosa linajificha huko huko juu. Tengeneza maji yako ya kusawazishia: gramu 36.5 za chumvi laini ya pakiti, kavu, ndani ya gramu 963.5 za maji safi. Hayo yanatakiwa kusoma 35. Ndiyo, 36.5 na siyo 35; chumvi ya mezani peke yake haipindi mwanga sawasawa na maji ya bahari yenye magnesiamu na wenzake. Usitumie ile ya mawe ya kwetu, ina unyevu na mambo mengine. Na usisawazishe kwa maji ya ufukweni wakati wa masika, mito imeshayachezea.

Cha kujazia ni maji yasiyo na chumvi: ya mvua iliyoingia moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki (ya bati hapana), au yaliyokenekwa.

Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki: ipime wiki sita za mwanzo za tangi na siku samaki akifa nyuma ya jiwe. Isome pamoja na pH (kipimo cha asidi na alkali), maana kwenye 8.2 sumu yake ni kali kuliko kwenye 7. Kipimo cha naitraiti, ambayo amonia hugeuka kuwa, usinunue; kloridi iliyomo kwenye chumvi ya bahari inawakinga samaki. Kipimo cha naitreti, hatua inayofuata, chupa yake yenye unga uliotuama itikise mpaka mkono uchoke, la sivyo utapata sifuri ya uongo na kuitangaza kijiweni.

Sasa alkalini, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, ambayo ndiyo chakula cha mifupa ya tumbawe. Hapa bahari nimeipatia kazi. Kusi likivuma, maji ya bamvua yakijaa kabisa, nachota chupa moja mbali na mkondo na kuipima kwa kipimo kile kile ninachotumia kwenye tangi. Bahari iko karibu digrii 7 (dKH, digrii za alkalini, si za joto). Kipimo kikinipa 9, kilichokosea ni kipimo, nami najua nipunguze mbili. Kipimo kikiisha na cha Dar hakijafika, natumia asidi haidrokloriki ya nguvu ya 0.1 M na methyl orange, rangi inayogeuka asidi ikizidi: mililita 100 za maji ya bahari hula kama mililita 2.4 hivi za asidi hiyo kabla rangi haijageuka. Nikiri: ile rangi ya chungwa inayogeuka nyekundu inanichanganya. Mimi naona imegeuka, mke wangu anasema bado, na kati yetu kuna nusu digrii nzima. Ndiyo maana sipimi usiku chini ya taa ya buluu, natoka nje na karatasi nyeupe. Siku mbili mfululizo zikitofautiana, naamini mwelekeo, namba naiacha.

(Na kabla hamjauliza: matumbawe hayachumwi Msimbati, ufukwe wa hapa Mtwara. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 2000.)

Tangi la bosi nilishusha chumvi taratibu, nikitoa jagi moja na kurudisha maji matupu yasiyo na chumvi, isishuke zaidi ya mbili kwa elfu kwa siku, maana konokono hawapendi haraka. Kisha nikabandika selotepu kwenye kioo usawa wa maji, kipimo cha bure kuliko vyote: yakishuka chini yake, jazia matupu. Ya bahari ni ya kubadilishia Jumamosi, baada ya kutoa kiasi hicho hicho.

Juzi kijana kanipigia kwa kunong'ona. Maji yameshuka vidole viwili chini ya selotepu, na bosi anateremka ufukweni na ndoo. Nikamwambia amkimbilie, aipokee.