Je, wajua kwa nini PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hukuwezesha kumpima kila mteja peke yake?

Seva inahema, prosesa imefika asilimia 100, na walioungana na hifadhidata ni themanini. Ni yupi anayeimaliza? Kwenye PostgreSQL jibu liko karibu, kwa sababu kila anayeunganishwa hupewa mchakato wake ndani ya Linux, wenye namba yake. MySQL, hifadhidata nyingine, kwa kawaida huwaweka wateja wote ndani ya mchakato mmoja, hivyo top, amri ya Linux inayoorodhesha michakato, huonyesha mstari mmoja tu.

Fungua top, bonyeza P kubwa ili wanaokula prosesa wapande juu, kisha chukua PID (namba ya mchakato) ya kwanza. Tuseme ni 21407. Ndani ya psql, dirisha la amri la PostgreSQL, andika:

SELECT usename, application_name, client_addr, state, xact_start, query FROM pg_stat_activity WHERE pid = 21407;

Hapo una jina, anwani na amri anayoiendesha. Wasisitizie waandishi wa programu wajaze application_name. Bila hiyo, programu kumi zinazoingia kwa mtumiaji mmoja kutoka mashine moja zote zitafanana.

Kwenye kumbukumbu ndiko wengi wanakopotea. Safu ya RES kwenye top, inayoonyesha RAM ya kila mchakato, huhesabu pia shared_buffers, sehemu inayotumiwa na wote, kwa hiyo michakato ishirini inaweza kuonekana imekula kuliko RAM yote iliyopo. Soma faili hili badala yake:

grep Rss /proc/21407/status

RssShmem ni ya pamoja. RssAnon ndiyo mzigo wake mwenyewe. Ikiwa imevimba, shuku work_mem, kumbukumbu ya kufanyia kazi za amri. Ukomo wake wa kawaida ni MB 4, lakini ni kwa kila hatua ya kupanga mistari ya data, si kwa kila mteja, na hatua za heshi (zinazojenga jedwali la kutafutia haraka) huruhusiwa mara mbili ya hapo tangu toleo la 15. Amri moja yenye hatua nyingi huzidisha kiasi hicho.

Usimsahau aliyetulia. Mwenye hali ya "idle in transaction", yaani amefungua muamala kisha akakaa kimya, hatumii prosesa hata kidogo, ila kama muamala wake umeshabadilisha data, anashikilia kufuli na kuizuia VACUUM, kazi ya usafishaji, kuondoa mistari ya data iliyokufa. Umri wake utauona kwenye xact_start.

Kusimamisha amri tumia pg_cancel_backend(21407). Kumkata kabisa, pg_terminate_backend(21407). Kamwe usitumie kill -9, amri ya Linux ya kuua mchakato papo hapo: seva itahofia kumbukumbu ya pamoja imeharibika, itawakata wateja wote themanini na kuanza kujirejesha.