Anayeshtakiwa ni Gari: Bangi na Utaifishaji wa Mali kwenye Barabara ya I-70

Kuna hukumu ya mwaka 2006 kutoka Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Nane, yaani kanda ya nane ya mahakama hizo, ambayo jina lake ni Marekani dhidi ya Dola 124,700 Taslimu. Msomaji asidhani kwamba mchapaji alisahau jina la mshtakiwa, kwa maana mshtakiwa ni dola zenyewe. Mwaka 2003 dereva mmoja alisimamishwa Nebraska, kwenye barabara ya I-80, kwa kosa la mwendo kasi. Alikuwa na gari la kukodi, na fedha hizo zilikuwa zimefichwa ndani ya kisanduku cha kuwekea vinywaji baridi. Askari hawakukuta bangi wala dawa nyingine yoyote. Hata hivyo mbwa wa kunusa alionyesha ishara, na dereva alikuwa amekana kwamba ana fedha nyingi, jambo lililomponza kuliko mbwa. Jaji wa kwanza aliamuru arudishiwe fedha zake, lakini mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo na serikali ikazichukua.

Mimi ni wakili wa utetezi hapa Columbus, Ohio, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni madereva wa malori na wa teksi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: bangi si imeshahalalishwa, sasa mbona wanachukua gari? Jibu lake haliko katika sheria za bangi peke yake. Liko katika sheria nyingine, inayozungumza na gari na fedha bila kumjali sana mtu aliyeshika usukani.

Katika Kiswahili cha mahakamani tumezoea kusikia kwamba fulani amehukumiwa kifungo na mali zake zimetaifishwa, yaani utaifishaji hufuata hukumu kama tela linavyofuata lori. Hapa Marekani upo utaifishaji wa aina hiyo, lakini upo pia ule wa kimadai, ambao hauhitaji mtu yeyote ahukumiwe, wala ashtakiwe, wala hata akamatwe. Serikali hudai kwamba kitu hiki kilitumika katika uhalifu au ni zao la uhalifu, kisha hukiburuta kitu hicho mahakamani. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakatishaji wa Fedha ya mwaka 2009 inaruhusu jambo linalofanana na hilo, ila kule jina linalosikika ni la mwanasiasa mwenye majumba, na hapa linaloandikwa ni la gari kuukuu na namba yake ya chasisi.

Sasa tuifuate barabara ya I-70 kutoka Columbus hadi Denver. Ohio wapiga kura waliihalalisha bangi kwa watu wazima Novemba 2023. Ukivuka kuingia Indiana, kiasi chochote ni kosa la jinai. Illinois ni halali tangu Januari 1, 2020, na Missouri tangu kura ya Novemba 2022. Kansas hawana hata bangi ya matibabu. Halafu Colorado, waliokuwa miongoni mwa majimbo mawili ya kwanza kuihalalisha, mwaka 2012. Dereva anayedhani kwamba ni salama kubeba pakiti aliyoinunua dukani Illinois akavuka nayo mto Mississippi kuingia Missouri, kwa kuwa pande zote mbili ni halali, amekosea, kwa sababu kuvuka mpaka wa majimbo kunamwingiza moja kwa moja katika sheria ya shirikisho. Sheria hiyo, ya mwaka 1970, iliiweka bangi katika Jedwali la Kwanza, yaani orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali kuliko zote, pamoja na heroini, na mjadala wa miaka ya karibuni wa kuishusha hadi Jedwali la Tatu hauwapi madereva ruhusa yoyote, kwa sababu kifungu cha utaifishaji kinagusa magari na fedha zinazohusiana na dawa zote zinazodhibitiwa.

Mambo huanza na harufu. Kwa miaka mingi askari akisema "nimesikia harufu ya bangi" ilitosha kupekua gari lote hadi chini ya tairi la akiba. Baada ya kuhalalishwa, mahakama za majimbo zimeanza kutofautiana. Illinois ndiyo mfano ninaoupenda kwa ugumu wake: Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba harufu ya bangi iliyochomwa, ikiwa peke yake, haitoshi kuhalalisha upekuzi, na Desemba mwaka huohuo ikaamua kwamba harufu ya bangi mbichi inatosha, kwa kuwa sheria ya huko inamtaka dereva aiweke katika chombo kisichopitisha harufu. Kwa hiyo haki yako kando ya barabara, penye moshi wa dizeli na upepo wa malori, inategemea pua ya askari inavyotofautisha mbichi na iliyoungua. Ningependa kuiona pua hiyo ikihojiwa kizimbani.

Kuhusu mbwa, mambo mawili yanatosha. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba mbwa kunusa nje ya gari lililosimamishwa kihalali si upekuzi. Mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez iliyotoka Nebraska, ikasema kwamba askari akishamaliza shughuli ya tiketi ya kosa la barabarani hana ruhusa ya kukushikilia, hata kwa dakika saba au nane, ili mbwa azunguke gari, isipokuwa ana sababu ya msingi ya kukushuku. Mbwa mwenyewe hajui jimbo lipi limehalalisha, wala hawezi kutofautisha bangi na hempu, mmea wa jamii hiyohiyo ambao sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliuruhusu ukiwa na THC, kemikali inayolevya, isiyozidi asilimia 0.3. Januari 2019 dereva wa lori aliyekuwa akipeleka shehena ya hempu ya takriban pauni 6,700 kutoka Oregon kwenda Colorado alikamatwa Idaho, na polisi wa jimbo wakaizuia shehena yote kama bangi. Alikuwa na karatasi za mzigo, na hazikumsaidia.

Kansas ndipo wateja wangu wengi huingiwa na wasiwasi. Askari wa barabara kuu wa huko walijulikana kwa mbinu iliyoitwa hatua mbili: anakukabidhi tiketi, anakutakia safari njema, anapiga hatua mbili kuelekea gari lake, kisha anageuka na kuuliza kwa upole kama anaweza kukuuliza swali moja. Ukikubali, mazungumzo yanahesabika kuwa ya hiari yako. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi ililazimika kuandika kwamba kutoka Colorado, au kuwa na namba za Colorado, si dalili ya uhalifu, na mwaka 2023 jaji wa shirikisho huko Kansas akaikemea mbinu ya hatua mbili kwa maneno makali. Ni katika barabara hiyohiyo ambapo, Mei 2021, gari la kampuni ya kusafirisha fedha lilisimamishwa likiwa na zaidi ya dola 165,000. Zilikuwa fedha za maduka ya bangi ya matibabu ya Missouri, yenye leseni ya jimbo, zikipelekwa kwenye taasisi ya fedha Colorado. Askari wa kaunti alizikabidhi kwa wakala wa shirikisho wa kupambana na dawa, DEA, na serikali kuu ikafungua kesi ya kuzitaifisha.

Makabidhiano hayo ndiyo kiini cha jambo lote. Missouri, kwa mfano, inataka mtu ahukumiwe kwanza kabla ya mali yake kutaifishwa, na fedha zinazopatikana huenda kwenye shule. Kansas nayo ililegeza sheria yake mwaka 2024, ikaondoa kosa la kupatikana na dawa kwa matumizi binafsi katika orodha ya makosa yanayoleta utaifishaji. Lakini tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1984, polisi wa mahali wanaweza kuipeleka mali waliyoikamata kwa wakala wa shirikisho na kurudishiwa hadi asilimia 80 ya thamani yake. Sheria nzuri ya jimbo inakulinda mpaka hapo mali inapobadilisha mikono.

Wengi watauliza kuhusu gari lililoazimwa. Mwaka 2019 mama mmoja alikuwa amempa gari mwanawe anayesoma chuo. Kijana akasimamishwa Alabama, polisi wakakuta bangi na bastola, wakalichukua gari. Mama alikuja kushinda kama mwenye mali asiye na hatia, lakini baada ya miezi ishirini hivi. Alichopeleka hadi Mahakama ya Juu, katika kesi ya Culley dhidi ya Marshall, ni ombi kwamba mtu apewe nafasi ya kusikilizwa mapema, ili angalau atumie gari wakati kesi ikiendelea. Mei 2024 majaji sita dhidi ya watatu walimkatalia: Katiba inataka kesi yenyewe isikilizwe kwa wakati, haidai kikao cha awali. Kwa maoni yangu uamuzi huo haukuyaona maisha ya mtu anayeishi kwa gari, ambaye miezi ishirini bila usukani ni miezi ishirini bila kodi ya nyumba. Mwaka 2019, katika kesi ya Timbs iliyotoka Indiana, mahakama hiyohiyo ilikuwa imetamka kwa kauli moja kwamba katazo la faini za kupindukia linayabana majimbo pia. Gari lililobishaniwa lilikuwa limenunuliwa kwa dola 42,000, ilhali faini ya juu kabisa ya kosa la mwenyewe ilikuwa dola 10,000. Hoja hiyo naitumia kila ninapoweza, hasa pale kipande cha sigara ya bangi kinapotaka kuondoka na kichwa cha lori.

Hata hivyo, kesi nyingi hazifiki kwa jaji. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria aliripoti kwamba tangu mwaka wa fedha 2007 DEA ilikuwa imekamata zaidi ya dola bilioni 4 taslimu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitaifishwa kiofisi tu, yaani hakuna aliyedai na hakimu hakuona chochote. Wakala wa shirikisho anatakiwa akutumie barua ndani ya siku 60 tangu ukamataji, au 90 ikiwa mali ilitoka kwa polisi wa mahali. Barua hiyo hukupa angalau siku 35 tangu ilipotumwa, si tangu ulipoifungua, uwasilishe madai yako. Tarehe ya mwisho imeandikwa ndani, katikati ya aya ndefu, ambapo macho yaliyochoka na safari huipita. Dereva wa masafa ambaye hurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi anaweza kuimaliza nusu ya muda huo kabla hajashika bahasha.

Ndani ya bahasha kuna njia mbili, na hapa naomba msomaji asome polepole. Ya kwanza ni madai, yaani unaapa kwamba mali ni yako na kutaka serikali ithibitishe dai lake mahakamani. Ukishayawasilisha, serikali ina siku 90 za kufungua kesi au kurudisha mali, na katika kesi hiyo mzigo wa ushahidi ni wake. Huhitaji kuweka dhamana. Ya pili ni ombi la kupunguziwa au kusamehewa, ambalo huamuliwa na wakala yuleyule aliyechukua mali. Ombi linasikika la adabu zaidi, na sisi tuliolelewa kumwomba mkubwa kabla ya kumdai huliona ndilo la kistaarabu, kwa hiyo tunalichagua peke yake na mlango wa mahakama unafungwa. Kwa gari unalofanyia kazi upo pia uwezekano wa kuomba liachiliwe mapema kwa sababu ya dhiki, na wakala akikaa siku 15 bila kukubali unaweza kwenda kwa jaji. Wakili wa bure ni haki ya asiye na uwezo pale tu nyumba anayoishi inapohusika. Ukishinda, serikali hulipa gharama za wakili wako.

Kando ya barabara, usitie saini karatasi inayosema fedha si zako. Texas iliipiga marufuku karatasi hiyo mwaka 2011 na Wyoming mwaka 2018, lakini kwingine bado yaweza kuletwa pamoja na kalamu na ahadi kwamba utaondoka sasa hivi. Kwa mwenye leseni ya magari ya biashara, sheria ya shirikisho humfungia leseni maisha yake yote akitumia gari hilo katika kosa kubwa la kusambaza dawa, bila nafasi ya kuirudisha baada ya miaka kumi. Na asiye raia asikiri kwa askari kwamba aliwahi kuvuta, hata katika jimbo lililoruhusu, kwa kuwa ukiri wenyewe waweza kumfuata kwenye maombi ya uhamiaji.

Mteja ninayemkumbuka zaidi alikuwa akipeleka rambirambi. Jamaa wa Columbus walikuwa wamechanga kwa ajili ya kusafirisha mwili wa ndugu yetu, na yeye, kama mtu mwaminifu, ndiye aliyekabidhiwa. Alisimamishwa njiani kwa kubadilisha njia bila ishara, askari akasema anasikia harufu, hakukuta bangi, akakuta mfuko wa kaki wenye mabulungutu yaliyofungwa kwa mpira. Noti zilikuwa ndogondogo, za watu wengi, na katika ripoti udogo huo uliandikwa kuwa dalili ya biashara ya dawa. Alipewa onyo na stakabadhi, fedha zikabaki kwa askari. Barua ilikwenda kwenye anwani yake ya zamani, na alipoiona zilikuwa zimebaki siku nne. Kilichotuokoa ni daftari la mweka hazina wa msiba, kurasa tatu za kalamu ya bluu zenye majina, namba za simu na kiasi cha kila mmoja, hadi yule aliyetoa dola tano. Niliziambatisha zote kwenye madai, tukazituma kwa njia ya kusainiwa kupokelewa, na wiki ya kumi na moja serikali ikaandika kwamba haitafungua kesi. Ndugu yetu alikuwa ameshazikwa hapahapa Ohio.