Kipandauso kisichokwisha kwa mtoto: maswali na majibu

Kipandauso ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa ubongo, mara nyingi wa kurithi, unaoleta maumivu makali ya kichwa kwa vipindi. Kwa mtoto, kipindi kimoja huchukua saa 2 hadi 72. Mtu mzima huumwa zaidi upande mmoja. Mtoto mara nyingi huumwa paji zima la uso. Anapauka, anakataa chakula, anatapika, hataki mwanga wala kelele. Mdogo asiyeweza kujieleza utamwona ameacha kucheza na kujilaza pembeni amefumba macho. Akilala, mara nyingi huamka mzima.

Kinaitwa sugu lini?

Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na siku zisizopungua 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso.

Mwanangu anaumwa karibu kila siku. Nampa dawa ya maumivu kila siku na hapati nafuu. Nimwongezee ipi?

Usimwongezee. Huenda dawa hiyo ndiyo inayomrudishia maumivu. Watoto wengi wanaoletwa na kichwa kisichokwisha wamekuwa wakinywa dawa za maumivu kwa miezi, na anayewapa anaamini anawasaidia. Ubongo wenye kipandauso ukizoeshwa dawa hizi, kila dawa inapoisha nguvu kichwa kinauma tena. Mtoto anapewa nyingine, inaisha, kinauma tena. Hapo kipandauso cha mara mbili kwa mwezi kinageuka kuwa cha kila siku.

Hata parasetamoli? Si inauzwa bila cheti cha daktari?

Hata parasetamoli. Hata ibuprofeni. Kuuzwa bila cheti si ruhusa ya kuinywa kila siku. Dawa hizi mbili zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zinaweza kuzaa maumivu ya kudumu. Kwa dawa zilizochanganywa na kafeini au kodeini (dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni), na za kundi la triptani (dawa maalumu za kukatiza kipandauso), kikomo kiko karibu zaidi: siku 10 kwa mwezi. Kwa hiyo shika hili: dawa ya maumivu isizidi siku 2 kwa wiki. Siku ya tatu ikifika ndani ya wiki hiyohiyo, mpeleke kwa mtoa huduma wa afya, usiende kununua chupa nyingine.

Lakini nampa kidogo tu, nusu ya kipimo.

Nusu ya kipimo haitibu, na siku inahesabika vilevile. Tazama hesabu hii. Mtoto ana kilo 24. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 360. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, anahitaji mililita 15. Mzazi anampa kijiko kimoja cha mililita 5, theluthi ya kipimo. Kichwa hakitulii, baada ya saa mbili anampa kingine, usiku kingine. Mtoto amekunywa dawa siku nzima bila kutibiwa hata mara moja.

Kuchelewa nako ni kosa lilelile. “Tusubiri tuone kama kitatulia” ndiyo sentensi inayotuharibia matibabu. Mtoto mwenye kipandauso kinachojulikana apewe kipimo kamili ndani ya nusu saa tangu kianze. Kikishapamba moto, tumbo linapunguza kasi ya kusukuma vitu, na dawa iliyonywewa inakaa humo bila kufika inakotakiwa.

Basi kipimo sahihi ni kipi?

Mpime uzito kwanza. Usikisie kwa umri. Parasetamoli: miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24, wala miligramu 1,000 kwa mara moja. Ibuprofeni: miligramu 10 kwa kilo, isizidi miligramu 400 kwa mara moja wala mara 3 kwa siku. Usimpe ibuprofeni mtoto aliyekaukiwa maji kwa kutapika, mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, au ambaye pumu yake huamshwa na dawa hiyo. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa kila unaponunua, kwa maana hutofautiana. Pima kwa bomba la kupimia. Vijiko vya mezani havilingani.

Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Inaweza kuharibu ini na ubongo wake.

Akishakunywa dawa, alale kwenye chumba chenye giza na utulivu, kitambaa cha maji baridi kwenye paji, na simu iwekwe mbali.

Nitajuaje kama nimeshazidisha?

Chukua kalenda. Kila siku aliyoumwa, weka alama ya X. Kila siku aliyokunywa dawa ya maumivu, hata kijiko kimoja, hata aliyopewa shuleni au kwa bibi, andika D. Mwisho wa mwezi hesabu D. Wazazi wengi hudhani ni tano au sita. Kalenda inaonyesha kumi na nane.

Nikisimamisha atazidiwa?

Ndiyo, mwanzoni. Kwa kawaida siku 2 hadi 10 kichwa huuma zaidi, na anaweza kutapika na kukosa usingizi. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa na kurudi kwenye chupa. Kwa hiyo panga na mtoa huduma kabla ya kuanza. Dawa yenye kodeini usiisimamishe ghafla bila daktari. Nafuu huja taratibu, kwa wiki kadhaa.

Hakuna dawa ya kuzuia?

Zipo: propranololi (si kwa mwenye pumu), amitriptilini, topiramati. Huandikwa na daktari na hunywewa kila siku. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, kwa watoto wa miaka 8 hadi 17, haukuona amitriptilini wala topiramati ikishinda vidonge visivyo na dawa. Katika kila kundi zaidi ya nusu walipungukiwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza mambo ya kila siku: asiruke mlo, hasa wa asubuhi, anywe maji mchana kutwa, alale na kuamka saa zilezile hata siku za mapumziko. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10.

Abaki nyumbani asiende shule?

Siku ya kipindi kikali, ndiyo. Wiki nzima, hapana.

Ni dalili zipi zisizosubiri?

Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza kwa ghafla, homa na shingo kukakamaa, degedege, kulegea upande mmoja, kuyumba, makengeza mapya au kuona viwiliviwili, kuchanganyikiwa, maumivu baada ya kuanguka, kichwa kinachomwamsha usiku au kuambatana na kutapika kila asubuhi. Mtoto chini ya miaka 5 anayelalamika kichwa mara kwa mara achunguzwe pia.

Kipindi kimevuka saa 72 na anatapika kila kitu. Nimpe dozi moja tena, nione hadi kesho?

Hapana. Mpeleke hospitali leo. Anahitaji maji na dawa kwa njia ya mshipa. Beba kalenda na chupa zote za dawa alizotumia, hata zilizoisha, ili daktari ajue amekwisha kunywa nini kabla hajaongeza nyingine.