Tunaweka akiba na bima: je, tumeacha kumtegemea Mungu?

Kila tukifika Kutoka 16 darasani, sura ya mana, yaani chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, kuna mwanafunzi ataniuliza: “Mwalimu, ikiwa Mungu aliwakataza Waisraeli kusaza mana mpaka asubuhi, sisi tulio kwenye vikoba na bima ya afya tunamwamini kweli?” Nafundisha Agano la Kale katika chuo cha Biblia, na swali hili nalipenda kuliko mengine yote ya kitabu hicho, kwa sababu anayeuliza hatafuti alama za mtihani. Ana ada za watoto, ana mzazi anayeumwa kijijini, na pengine Jumapili iliyopita amesikia mahubiri kwamba mwenye imani hahesabu hela.

Kabla ya kumjibu namrudisha sura mbili nyuma. Kutoka 14:31 inasema kwamba Israeli walipoiona kazi aliyoifanya Bwana pale baharini, walimcha Bwana, wakamwamini. Kumcha na kuamini vimekaa kwenye sentensi moja. Sasa hesabu siku: walitoka Misri tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, na tarehe 15 ya mwezi wa pili walikuwa jangwa la Sini wakilalamika na kuzitamani sufuria za nyama za Misri. Mwezi mmoja tu. Bahari ilipasuka mbele ya macho yao, lakini njaa ya siku moja ikawasahaulisha. Siwalaumu sana, maana mwenye watoto wenye njaa hahitaji kuelezwa. Ila Mungu hakuwajibu kwa muujiza mwingine wa kutisha. Aliwapa chakula chenye masharti, na sababu akaisema mwenyewe katika mstari wa 4: apate kuwajaribu kama watakwenda katika sheria yake, au sivyo. Amri kumi zilikuwa bado. Kicho, yaani kule kumcha Mungu, walianza kufundishwa kwa tumbo kabla ya mbao za mawe.

Hebu tuisogelee hiyo mana. Umande ukiinuka, inabaki chini vitu vidogo kama sakitu, yaani umande ulioganda, nyeupe, utamu wake kama maandazi membamba ya asali. Jua likiwa kali, inayeyuka, kwa hiyo anayelala mpaka saa nne anakosa. Hesabu 11 inaongeza kwamba waliisaga kwa mawe au kuitwanga kwenye vinu, wakaitokosa vyunguni na kufanya mikate. Riziki ya kutoka mbinguni, lakini lazima uamke, uiname, uokote, utwange. Wanaohubiri kwamba kumtegemea Mungu ni kukaa na kungoja, sijui mana yao waliisoma wapi.

Kipimo kilikuwa pishi moja kwa kila mtu, takriban lita mbili. Huwa namimina mtama kwenye jagi mbele ya darasa ili wakione hicho kiasi. Ni chakula cha kushiba, hakuna ubahili ndani yake. Ila ni cha leo.

Kisha tunafika mahali ambapo wengi wanapita haraka. Waliosaza kwa siku za kawaida walikuta mabuu na uvundo asubuhi. Siku ya sita wakaambiwa waokote pishi mbili kwa kila mtu na kuweka ya Sabato, na hiyo haikuoza. Zaidi ya hapo, Musa alimwagiza Haruni ajaze pishi moja katika kopo, iwekwe mbele za Bwana ilindwe kwa ajili ya vizazi vyao. Mana ni ileile, na chombo cha nyumbani ni kilekile. Ya mwenye kuogopa kwamba kesho Mungu hatakuja inaoza, na ya mwenye kutii inakaa. Kuweka si kosa. Swali la sura nzima ni hili: unaweka kwa kumcha nani?

Ndiyo maana sioni mgongano wowote kati ya sura hii na Yusufu, yule wa kitabu cha Mwanzo aliyesimamia chakula cha Misri kabla ya njaa kuu. Yeye alikusanya sehemu ya tano ya mazao ya Misri kwa miaka saba ya shibe. Ndugu zake walipokuja kununua nafaka, mtu huyo mwenye maghala ndiye aliyesema, “mimi namcha Mungu” (Mwanzo 42:18). Na alikuwa akiwaambia watu walio mikononi mwake, wenye njaa, ambao angeweza kuwafanya lolote. Kicho chake kilionekana katika jinsi alivyoigawa ile akiba.

Sabato, kwa upande wake, inanigusa kuliko mabuu. Siku ya saba wengine walitoka kuokota wasipate kitu. Fikiria, mana ya jana ipo nyumbani, haijaoza, na bado mtu anachukua kikapu anatoka. Hofu ya namna hiyo haiponi kwa kuongezewa mapato. Nimewaona Wakristo wenye mishahara mizuri kabisa ambao hawawezi kupumzika hata siku moja, simu sikioni ibadani, na nimewaona wakulima wa jembe la mkono wanaofunga kazi Jumamosi jioni kwa amani. Pale Sinai Musa aliwaambia watu wasiogope, papo hapo akawaambia kwamba Mungu amekuja ili kicho chake kiwe mbele yao wasitende dhambi (Kutoka 20:20). Kicho hicho kikikaa mahali pake, hofu ya kesho inakosa kiti.

Neno kuhusu mahubiri ya “panda mbegu uvune mara mia”. Mana haikumtajirisha mtu hata mmoja. Walipopima, aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, na aliyeokota chache hakupungukiwa. Paulo ananukuu maneno hayohayo katika 2 Wakorintho 8:15, akiwahimiza Wakorintho kuwachangia watakatifu maskini wa Yerusalemu. Kwa Paulo, riziki ya Yerusalemu ilikuwa tayari imeshuka, ila ilishukia kwenye mifuko ya watu wa Korintho. Na hakuishia kwenye maombi. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, asije mtu akamlaumu juu ya fedha hizo.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu namfungulia 1 Wakorintho 16:2, asome mwenyewe: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Ni agizo la mtume, na akiba yenyewe ni ya wenye njaa wa mji ambao wengi wa wale wachangiaji hawajawahi kuuona. Namwambia aendelee na kikoba, alipe bima, na humo humo atenge fungu ambalo tangu siku ya kwanza anajua si lake.