"Ni Wiki Tatu Tu": Kuhusu Kuwatafutia Lama Makao ya Muda Unapohama Nyumba

Mtu anayehama nyumba huwa na mambo mengi kichwani, nami sishangai lama wake, wale wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia kutoka Amerika Kusini, wanapokuwa jambo la mwisho analolifikiria. Kinachonichosha ni sentensi inayofuata karibu kila mara ninapopigiwa simu kuombwa ushauri kama daktari wa mifugo: "Daktari, ni wiki tatu tu, kwa hiyo popote penye nyasi na uzio patatosha." Nimeisikia tena hivi karibuni, kutoka kwa mfugaji mwangalifu ambaye katika mambo mengine yote hahitaji kusukumwa, na nimeona ni heri niijibu kwa kirefu hapa kuliko kuendelea kuijibu vipandevipande kwenye simu. Wiki tatu si muda mdogo kwa lama. Siku za kwanza mahali pageni ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, na mnyama anayepelekwa mahali kwa wiki tatu kisha akahamishwa tena huipitia hatari hiyo mara mbili mfululizo, bila kuufikia utulivu unaokuja baadaye.

Sababu ni kwamba katika siku hizo kila kitu hubadilika kwa pamoja: nyasi, maji, majirani, harufu na mkono unaomlisha. Lama huficha maradhi mpaka yamekomaa, na dalili ya kwanza aghalabu ni kupungua kwa hamu ya kula, jambo ambalo mwenyeji, yaani anayekuhifadhia wanyama, hawezi kuliona ikiwa hajui kila mmoja wao hula vipi siku za kawaida. Lama aliyeacha kula kwa siku kadhaa, hasa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, huanza kutumia mafuta ya mwili kwa kasi ambayo ini haliimudu, na ini likishajaa mafuta matibabu huwa magumu na mara nyingi hayafui dafu. Msongo huohuo unaweza kuleta vidonda katika chumba cha tatu cha tumbo, navyo huweza kukaa kimya mpaka hali imekuwa mbaya. Juu ya hayo, sufu hudanganya macho. Lama anaweza kukonda hadi mifupa huku kwa mbali akionekana mnene na mwenye afya, kwa hiyo mwenyeji asiyekuwa tayari kuwagusa wanyama wako kwa mkono, akibonyeza juu ya uti wa mgongo nyuma ya mabega angalau mara moja kwa wiki, hawatunzi bali anawatazama tu. Mpime kila mnyama kabla ya safari, kwa mizani ikiwezekana na kwa mkono kwa vyovyote vile, kisha uandike ulichokikuta na kumkabidhi mwenyeji.

Kabla ya yote, jiulize kama makao hayo yanahitajika. Wengi hudhani kwamba familia ikiondoka ni lazima mifugo iondoke siku ileile, ilhali mara nyingi mahali pazuri pa kuwahifadhi ni palepale walipo. Mnunuzi wa nyumba anaweza kukubali waendelee kutumia malisho kwa wiki chache ikiwa jambo hilo litaandikwa katika mkataba wa mauzo, na mtu anayewafahamu anaweza kulipwa awalishe asubuhi na jioni. Ukiweza kukamilisha uzio na maji kule uendako kwanza, kisha ukawasafirisha mara moja tu, umeondoa nusu ya matatizo ninayoyaeleza hapa. Mimi husisitiza njia hii hata pale inapogharimu zaidi, kwa kuwa gharama yake inajulikana mapema na ile ya safari mbili haijulikani.

Ikishindikana, ndipo tunafika kwenye suala ambalo watu hawataki kulisikia, yaani minyoo. Swali la kwanza ambalo mwenye lama humuuliza mwenyeji ni ukubwa wa malisho, na mimi ningependa liwe la mwisho. Swali la kwanza liwe hili: ni wanyama gani wamelisha hapa katika mwaka uliopita, na kinyesi chao kilipimwa lini? Mnyoo wa kunyonya damu tumboni, Haemonchus contortus, huishi kwa kondoo, mbuzi na lama pia, na jike mmoja wa mnyoo huyo hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Penye joto na unyevu mayai hayo huweza kuwa viluwiluwi (minyoo michanga) vya kuambukiza ndani ya wiki moja hivi. Shamba lililojaa mbuzi na kondoo, ambalo mfugaji mgeni huliona kuwa makao ya asili kwa lama wake, ndilo ninaloliogopa zaidi, hasa likiwa na nyasi zilizoliwa hadi chini, kwa sababu viluwiluwi vingi hukaa sehemu ya chini ya nyasi, karibu na ardhi. Malisho yaliyotumiwa na farasi peke yao huwa salama zaidi kwa upande huu, kwa kuwa farasi na lama hushiriki aina chache sana za minyoo.

Lama wana desturi ya kwenda haja pamoja katika sehemu maalumu, na desturi hiyo huwakinga kwa kiasi, kwa kuwa hawapendi kula karibu na sehemu hizo. Wakiwekwa kwenye boma finyu kinga hiyo hupotea, na wakiwa pamoja na kondoo wanaotawanya kinyesi kila mahali haiwasaidii tena. Ndiyo maana ninakereka ninapoambiwa kwamba "lama wangu ni wasafi, hawapati minyoo". Usafi huo una maana kwenye eneo pana walilolizoea, na ni hilohilo tu ambalo makao ya muda huwa yanakosa.

Vitabu husema mnyama mgeni atengwe kwa wiki 2 hadi 4, na kila mwenyeji mwenye akili atakudai hivyo. Mimi pia hudai, lakini siamini kwamba muda huo unatosha kwa kila kitu. Koksidia mkubwa wa lama, kimelea cha utumbo kiitwacho Eimeria macusaniensis, huchukua zaidi ya mwezi mmoja tangu mnyama ameze vimelea hadi vianze kuonekana kwenye kinyesi, na mnyama anaweza kuugua vibaya au hata kufa kabla havijaonekana. Tena vimelea hivyo ni vikubwa na vizito, kwa hiyo maabara inayotumia maji ya chumvi ya kawaida kuvielesha huweza kuvikosa kabisa; inafaa kuomba kipimo cha maji ya sukari yaliyokolea, pamoja na mashine ya kuzungusha sampuli. Karatasi isemayo "hakuna kilichoonekana" haina uzito sawa kutoka kila maabara, na karantini ya wiki tatu hupunguza hatari bila kuiondoa. Ninamwambia hivyo kila mwenyeji ana kwa ana, ingawa huwa halimfurahishi.

Lipo pia suala la dawa. Desturi iliyoenea ni kumpa kila mgeni dawa ya minyoo siku anapofika, na kwa miaka mingi nilikuwa upande huo. Siku hizi nasitasita. Minyoo sugu imeenea, na ukimpa dawa mnyama mwenye minyoo michache, wale wanaobaki hai ndio wasiosikia dawa, nao ndio watakaopanda kizazi chao kwenye shamba la mwenzako. Kwa upande wa pili, katika maeneo ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, ambako paa wenye mkia mweupe hubeba mnyoo wa utando wa ubongo, wafugaji wengi huchoma sindano ya ivermektini kila mwezi, kwa kuwa mnyoo huyo, anayesambazwa na konokono, humpoozesha lama. Dawa inayomkinga dhidi ya mnyoo mmoja ndiyo inayomkomaza mwingine. Hakuna kanuni inayolimaliza jambo hili. Mimi hupima kwanza, hutazama rangi ya ndani ya kope kuona kama damu imepungua, kisha huamua kwa kila mnyama peke yake, nikijua kwamba mwenzangu aliye katika mazingira mengine anaweza kuamua kinyume na akawa sahihi.

Jambo la pili ambalo hupuuzwa ni wenzao. Lama ni mnyama wa kundi, na kumtenganisha na wenzake ili watoshe kwa wenyeji wawili tofauti ni kumwongezea msongo wakati ule anapouhitaji utulivu zaidi. Hapo huletwa hoja ya lama mlinzi: "Mbona wapo wanaoishi peke yao na kondoo?" Wapo, na wanaishi vizuri, lakini hoja hiyo imegeuzwa juu chini. Lama mlinzi, ambaye kwa kawaida ni dume aliyehasiwa, huwekwa bila lama mwingine kwa makusudi ili amfanye kondoo kuwa mwenzake, na uhusiano huo hujengwa na kondoo fulani, siyo na kila kondoo atakayemkuta njiani. Ukimpeleka kwenye kundi la kondoo wageni umempeleka peke yake, hata akizungukwa na vichwa mia. Ikiwa una lama mlinzi mmoja, mhamishe pamoja na baadhi ya kondoo wake. Ikiwa una lama kadhaa, wasafiri na wakae pamoja, au kwa uchache wawili wawili.

Kuhusu chakula nitasema kwa ukali, kwa sababu hapa mnyama hufa upesi. Vyakula vingi vya kuku na vya ng'ombe huchanganywa na dawa za jamii ya monensini na salinomisini, na kiasi ambacho ng'ombe au kuku hukivumilia humdhuru lama vibaya moyoni na kwenye misuli, mara nyingi hadi kifo. Mwenyeji mwema anayemwaga ndoo ileile kwenye hori zote hana habari ya hilo. Chakula kilichotengenezewa wanyama wengine kinaweza pia kuwa na madini ya shaba kupita kiasi wanachokimudu lama. Peleka nyasi zako kavu za kutosha kwa muda wote, au angalau za siku kumi za mwanzo ili mabadiliko yawe ya polepole, na uandike kwa herufi kubwa kwamba wasipewe kitu kingine. Kagua pia mimea ya uani, kwa kuwa oleanda na rododendroni zinaua, na mnyama mgeni mwenye njaa huonja asichokijua.

Madume na majike wasichanganywe, na usitegemee ahadi kwamba dume la mwenyeji "ni mpole". Jike wa lama hana siku maalumu za joto, yaani za kumtaka dume. Yai hutoka kwa kuchochewa na tendo lenyewe, kwa hiyo kila siku ni siku ya hatari, na mimba iliyopatikana kwa bahati mbaya itadhihirika baada ya miezi kumi na moja na nusu. Dume aliyehasiwa hivi karibuni naye ahesabiwe kuwa dume kamili kwa miezi miwili.

Uzio uwe na kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 na usiwe wa seng'enge. Kivuli na maji safi ni lazima, na penye joto wanyolewe kabla ya kwenda. Mwenyeji ajue kwamba lama aliyezidiwa na joto humwagiwa maji tumboni na miguuni, siyo mgongoni juu ya sufu. Hatamu za kichwani zivuliwe mara wanaposhushwa. Najua wenyeji hupenda kuziacha ili iwe rahisi kuwakamata, lakini lama hutegemea pua katika kupumua, na hatamu iliyoteleza mbele ya mfupa hadi kwenye sehemu laini ya pua humziba pumzi.

Utampata wapi mwenyeji wa namna hii? Waulize kwanza wanyoaji wa sufu. Mnyoaji huingia mashamba mengi, huwagusa wanyama wote, huona nani ana upele na chawa, nani ana majike waliokonda chini ya sufu nzuri, na nani husafisha banda hata pasipo mgeni. Jibu lake la kusitasita lina thamani kuliko tangazo lolote. Baada yake waulize wafugaji wengine wa lama na wa alpaka, ndugu wadogo wa lama, kisha madaktari wa mifugo, ambao kwa sababu za siri ya kazi tutakuambia machache kuliko tunayoyajua. Ukienda kukagua, angalia wanyama wa mwenyeji kabla ya kuangalia malisho yake, na utilie maanani kama yeye mwenyewe anakuuliza maswali kuhusu wako. Mwenyeji asiyeuliza lolote kuhusu chanjo na vipimo vya lama wako hakumuuliza pia mgeni aliyetangulia.

Makubaliano yaandikwe. Yataje nani anaamua matibabu usipopatikana, hadi kiasi gani cha fedha, na kama daktari anaruhusiwa kumuua bila maumivu mnyama asiyeweza kupona bila kukusubiri, kwa sababu siku ya kuhama ndiyo siku ambayo simu yako haitapokelewa. Vibali vya kusafirisha mifugo viulizwe kule unakotoka na kule unakokwenda pia, kwani masharti hutofautiana.

Wafugaji wengi hulegea wanapofika hatua ya kurudi, na hatua hiyo ni muhimu kama ya kwenda. Malisho mapya ambayo hayajawahi kulishwa na lama, mbuzi wala kondoo kwa muda mrefu ni mali ambayo utaipata mara moja tu, na unaweza kuiharibu kwa asubuhi moja kwa kuwafungulia wanyama waliookota minyoo sugu ya shamba la mwenzako. Pima kinyesi kabla ya kuondoka kwa mwenyeji, na ikiwa dawa imehitajika, pima tena siku 10 hadi 14 baadaye uone kama imefanya kazi. Ikiwa muda haukuruhusu kumaliza vipimo hivyo kule, waweke nyumbani kwenye uwanja mdogo mkavu usio na nyasi, uwalishe horini na kuzoa kinyesi kila siku, na lango la malisho lifunguliwe pale tu majibu ya kipimo cha pili yatakapokuwa mkononi.