Kusanidi upya uthibitishaji wa saraka: maana yake na mahali panapoharibika

Katika uthibitishaji wa saraka, mfumo wa kampuni hautunzi nywila za watumiaji. Mtu akitaka kuingia, mfumo huiuliza seva ya saraka, yaani orodha kuu ya watumiaji, kama Active Directory au OpenLDAP, kwa LDAP, itifaki ya kuulizia saraka. Kusanidi upya ni kubadilisha seva inayoulizwa, namna mtumiaji anavyotafutwa humo, au alama inayomtambulisha.

Kwa kawaida mfumo hujiunga kwanza na saraka (bind, yaani hujitambulisha kwake) kwa akaunti ya huduma, akaunti ya mfumo wenyewe, ambayo kwa kazi hii huhitaji ruhusa ya kusoma tu. Hutafuta mtumiaji chini ya tawi ulilotaja, kwa kichujio kama (sAMAccountName=jina) katika Active Directory au (uid=jina) katika OpenLDAP. Akipatikana, mfumo huchukua DN yake, yaani anwani yake kamili ndani ya saraka, na kujiunga tena kwa DN hiyo pamoja na nywila aliyoandika. Hapa pana hatari kubwa: nywila ikiwa tupu, baadhi ya seva hujibu kwamba kujiunga kumefaulu, kumbe zimempokea kama mgeni asiyejulikana. Mfumo lazima ukatae nywila tupu kabla haujaiuliza saraka.

Alama ya utambulisho ndiyo inayostahili muda wako mwingi. DN hubadilika mtu akihamishiwa idara nyingine, na barua pepe hubadilika na jina. Ukizitegemea, mtu yuleyule atafunguliwa akaunti mpya isiyo na ruhusa wala kazi zake za zamani. Tumia objectGUID (Active Directory) au entryUUID (OpenLDAP), alama ambazo saraka humpa kila mtumiaji na hazibadiliki akihama au akibadili jina. Ukihama kutoka saraka moja hadi nyingine, hata hizo huwa mpya, hivyo andaa kwanza jedwali la kuoanisha za zamani na mpya.

Poti 389 ya LDAP hupitisha nywila wazi usipowasha StartTLS, amri ya kuanzisha usimbaji wa TLS. 636 huanza na TLS moja kwa moja. Muunganisho wa TLS ukikataa, kagua cheti: jina la seva uliloandika lazima liwemo ndani yake, na mamlaka iliyokitoa iaminiwe na mfumo wako. Ukiandika anwani ya IP wakati cheti kina jina tu, ukaguzi utashindwa. Kuzima ukaguzi ili mambo yaende si suluhisho, kwani yeyote aliye katikati ya njia ataweza kujifanya ndiye saraka.

Kosa namba 49 la LDAP, yaani saraka imekataa jina au nywila, lina sura nyingi. Active Directory huongeza msimbo mdogo: 52e ni nywila isiyo sahihi, 532 nywila imekwisha muda, 533 akaunti imezimwa, 775 imefungwa. Usome kwenye logi kabla ya kumlaumu mtumiaji. Huenda iliyokwama ni akaunti ya huduma.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kuna msimamizi mmoja wa ndani asiyetegemea saraka, ujaribu kuingia naye, na uhifadhi nakala ya usanidi wa sasa. Jaribu kichujio kwa ldapsearch, amri ya kutafuta katika saraka, ukiwa kwenye seva ya mfumo wenyewe, maana ngome ya mtandao huenda inairuhusu kompyuta yako na kuizuia seva. Mwisho, simamisha ulandanishi wa watumiaji, yaani mfumo kunakili orodha yao kutoka saraka, hadi uhesabu matokeo. Active Directory kwa chaguo-msingi hurudisha maingizo 1,000 kwa ombi moja. Mfumo usioomba kurasa zinazofuata unaweza kudhani waliobaki wameondoka na kuzizima akaunti zao.